Castel Gandolfo: kama una cheo chochote kanisani, kaitembelee hii nyumba (nyota 4 kati ya 5)

Kwa wenye haraka nasema mapema kabisa, nendeni. Nimeipa nyota nne, ile moja nitasema huko chini nimeikata kwa nini. Naongelea lile jumba la mapapa la kupumzikia wakati wa joto, pale Castel Gandolfo, kama kilomita 25 kusini mashariki ya Roma, ambalo saivi ni makumbusho, unanunua tiketi unaingia kama mtu mwingine yeyote. Watu wetu wengi wakija hija huku wanaishia Mtakatifu Petro, Laterano, Maria Mkuu, Paulo Nje ya Kuta, wanapiga picha, wananunua rozari za zawadi, wanarudi nyumbani, na hakuna anayewaambia kwamba nusu siku tu ingewafikisha kwenye nyumba ambayo kwa maoni yangu ina somo zito kuliko hayo makanisa yote kwa mtu mwenye uongozi, awe askofu, paroko, mchungaji wa kilokole mwenye kanisa lake, au mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo.

Somo lenyewe ni la kukabidhi. Unatokaje kwenye kiti cha kiroho ukiwa bado unapumua, na mwenzako anaingiaje bila kukusukuma.

Mimi naishi Roma, na safari hii nilimpeleka Baba mkubwa wangu aliyekuja kutoka Kilimanjaro, mwenyekiti mstaafu wa kigango (kanisa dogo lililo chini ya parokia), pamoja na sista mmoja wa kwetu anayesoma huku. Kufika ni rahisi, mnapanda treni Termini, stesheni kuu ya Roma, ile inayoenda Albano Laziale, dakika 40 na kitu hivi, tiketi haifiki euro tatu, mnatoka mjini mnaanza kupanda vilima vya mizabibu halafu ghafla dirishani mnaona ziwa liko chini kabisa, limezungukwa na miti, maana lile ziwa Albano ni shimo la volkano ya zamani lililojaa maji na mji umekaa juu kwenye ukingo wake. Shida ni kwamba stesheni iko chini na mji uko juu. Mlima ule kwa kijana ni mazoezi, kwa mzee wa miaka 70 na zaidi ni adhabu, na hapo ndipo robo ya nyota yangu ilipoanza kupotea.

Historia nitaipitia haraka. Kanisa lilipata eneo hili mwaka 1596 kutoka familia ya Savelli iliyokuwa imeelemewa na madeni, na tangu Papa Urbano VIII aanze kuja kupumzika hapa mwaka 1626 mapapa wengi wakawa wanapanda huku joto la Roma likizidi. Kuanzia 1870 mpaka 1929 hawakuja kabisa kwa sababu ya ule ugomvi na dola ya Italia iliyowanyang'anya mji wa Roma, mpaka mkataba wa Laterano ulipomaliza mambo. Ukijumlisha na bustani eneo lote ni kama hekta 55, yani ni kubwa kuliko mji wa Vatikano wenyewe ambao ni hekta 44. Papa Fransisko hakutaka kuja kukaa likizo hapa, alipita pita mwaka 2013 basi, akaanza kufungulia watu bustani mwaka 2014, na Oktoba 2016 akafungua na makazi yenyewe mpaka chumba cha kulala. Kwa hiyo unapoingia leo unatembea mahali ambapo zamani hata kardinali hakuingia bila kuitwa.

Ndani kuna vitu vingi vya kuangalia, picha za mapapa zimepangwa ukutani, mavazi, kile kiti walichokuwa wanabebwa nacho mabegani zamani, ukumbi wa kiti cha enzi. Vizuri, vinapendeza, lakini msimalizie nguvu huko. Twendeni kwenye chumba cha kulala.

Chumba hiki wamefia mapapa wawili, Pio XII mwaka 1958 na Paulo VI mwaka 1978. Na mwaka 1944 wakati wa vita, watu wa vijiji vya jirani walipokimbilia humu kwa maelfu kujificha na mabomu, kina mama wajawazito walipewa hiki chumba cha Papa wajifungulie, wakazaliwa watoto kama 40. Baba mkubwa alisimama pale akatikisa kichwa, akasema, "Mwanangu, kumbe chumba cha Papa kiliwahi kuwa leba." Sista akamwambia ndiyo mzee, na watoto wengine wakapewa jina la Pio. Mzee akauliza, sasa Papa mwenyewe alikuwa analala wapi? Tukamwambia Papa alikuwa Roma wakati huo. Akasema, "Sawa. Lakini aliruhusu." Hilo neno lake lilinikaa.

Halafu kuna kikanisa. Hapa ndio sababu ya mimi kuandika yote haya, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ni kikanisa kidogo, watu wachache tu wanakijaza. Juu ya altare kuna picha ya Mama Maria wa Czestochowa ambayo maaskofu wa Poland walimpa Papa Pio XI, yeye alikuwa balozi wa Papa kule Poland kabla hajawa askofu mkuu wa Milano, na kuta za pembeni zimechorwa matukio ya vita vya nchi hiyo na mchoraji anaitwa Jan Henryk Rosen. Mtu anayepita bila kujua ataona kikanisa kizuri cha Kipolandi ataendelea na safari. Ndo maana nasema someni kidogo kabla ya kwenda, mkisubiri kuta ziwasimulie mtapita bila kuona kitu.

Kilichotokea ni hivi. Tarehe 11 Februari 2013 Papa Benedikto XVI, akiwa na miaka 85, aliwaambia makardinali kwa Kilatini kwamba nguvu zake za mwili na roho hazitoshi tena na kwamba anaachia kiti. Mjue hili, askofu akifikisha miaka 75 sheria ya kanisa inamwomba aandike barua ya kung'atuka amtumie Papa, lakini Papa hana wa kumwandikia, kanuni ya 332 inasema tu ajiuzulu kwa hiari yake na aseme wazi, hakuna haja ya mtu yeyote kumkubalia. Yani ni mtu peke yake na dhamiri yake mbele za Mungu. Hakuna kikao cha wazee kumshauri "Baba sasa umechoka", hakuna umri wa kustaafu, angeweza kukaa mpaka kifo na hakuna ambaye angemlaumu, mtangulizi wake Yohane Paulo II alibeba ugonjwa mpaka mwisho na watu wakamheshimu kwa hilo, na mimi pia namheshimu.

Tarehe 28 Februari jioni akapanda helikopta akaja hapa Castel Gandolfo. Kwenye saa kumi na moja na nusu jioni akatoka kwenye roshani inayotazama uwanja wa mji, ile mnayoiona mkisimama mlangoni, akawaambia watu waliojaa pale kwamba baada ya saa mbili usiku yeye si Papa tena, ni mhujaji tu anayeanza hatua ya mwisho ya hija yake hapa duniani. Akawabariki akaingia ndani. Saa mbili kamili walinzi wa Uswisi wakafunga ule mlango mkubwa wa mbao wakaondoka, kwa sababu kazi yao ni kumlinda Papa na mle ndani hapakuwa na Papa tena. Simameni mbele ya huo mlango. Mimi nilimsimamisha Baba mkubwa pale nikamsimulia, watu wanapita na aiskrimu zao, yeye anauangalia tu.

Asubuhi ya siku hiyohiyo kabla hajaondoka Vatikano alikuwa ameagana na makardinali, akawaambia kwamba kati yenu hapa yumo Papa ajaye, na mimi leo namuahidi heshima na utii bila masharti. Fikirini hapo. Hajui ni nani. Anaweza kuwa mtu ambaye hawakuwahi kuelewana, anaweza kuwa mtu atakayebadilisha kila alichokijenga. Anamtii kabla jina halijatajwa. Kwetu sisi mara nyingi mtu anakubali kuachia kiti akishahakikisha anayeingia ni mtoto wake, mkwe wake au kijana aliyemlea mwenyewe atakayekuwa anampigia simu kila jioni. Musa mwenyewe kwenye Hesabu 27 aliomba Mungu ndiye aweke mtu juu ya mkutano, wasiwe kama kondoo wasio na mchungaji, hakupendekeza mwanawe, na Mungu alipomtaja Yoshua, Musa akamwekea mikono mbele ya watu wote, hadharani, na kumpa sehemu ya heshima yake mwenyewe angali hai.

Basi tarehe 13 Machi akachaguliwa Fransisko, na Jumamosi ya tarehe 23 Machi akaja hapa kwa helikopta kumuona mzee. Benedikto akatoka akamfuata mpaka uwanja wa kutulia, amevaa kanzu nyeupe ya kawaida bila ule mshipi na bila kile kikoti cha mabegani, juu amejifunika jaketi jeupe la baridi. Viatu vyekundu alishaviacha, alibaki na vya kahawia alivyopewa alipotembelea Meksiko mwaka 2012. Kwenye gari, upande wa kulia ambao ndio wa Papa akamwachia Fransisko, yeye akakaa kushoto. Wakafika kwenye hiki kikanisa kusali. Benedikto akamwonyesha mgeni wake sehemu ya heshima, pale anapopiga magoti Papa mwenyewe. Fransisko akakataa, akasema sisi ni ndugu, wakaenda kupiga magoti wote wawili kwenye benchi moja.

Picha yake ipo, itafuteni. Migongo miwili myeupe, benchi moja.

Na ninyi mkiwa mle ndani mtaona jinsi nafasi ilivyo ndogo, kwamba hili halikuwa tukio la uwanjani lenye makundi ya watu na kwaya, ilikuwa sehemu ambayo mtu anapumua unamsikia. Mmoja anatoa nafasi na mwingine anakataa kuichukua peke yake. Nimesoma mahubiri mengi ya unyenyekevu na nimesikiliza semina nyingi za viongozi wa kanisa, ila sijawahi kuona kitu kilichonieleza hivi kwa dakika moja.

Baada ya hapo wakaingia maktaba, nayo iko kwenye hayohayo makazi, wakaongea wawili tu kama dakika 45. Fransisko alikuwa amemletea zawadi, picha ya Mama Maria wa Unyenyekevu, akamwambia kwamba alipoambiwa jina la picha hiyo alimfikiria yeye na mifano ya unyenyekevu aliyowapa katika upapa wake. Na kwenye meza ndogo kati yao kulikuwa na boksi kubwa jeupe na bahasha juu yake. Ndani ya lile boksi kulikuwa na nyaraka za uchunguzi wa zile kashfa za kuvuja barua za Vatikano, Fransisko mwenyewe alikuja kueleza baadaye. Kwa maana nyingine mzee hakumwachia mrithi wake nyumba iliyofagiwa kwa macho tu huku uchafu umesukumwa chini ya zulia, alimkabidhi na mabaya yote, kwa karatasi, mkononi, akamwachia aamue yeye.

Baba mkubwa niliposimulia habari ya boksi alikaa kimya halafu akaniambia kitu ambacho familia nzima tunakijua lakini hapendi kukiongea. Yeye alipochaguliwa mwenyekiti wa kigango, mtangulizi wake alimkabidhi daftari la zaka, akamkabidhi ufunguo wa sakristia, lakini muhuri wa kigango akabaki nao nyumbani kwake. Hakuukataa wazi, alikuwa tu kila akiulizwa anasema nitauleta. Matokeo yake kila muumini aliyetaka barua ya utambulisho, sijui anahamia mjini, sijui mtoto anakwenda kufunga ndoa parokia nyingine, anaandikiwa barua na mwenyekiti mpya halafu anapanda mlima kwenda kugongewa muhuri kwa mwenyekiti wa zamani. Waumini wakawa na wenyeviti wawili, mmoja wa Jumapili na mmoja wa barua. Ilichukua muda mrefu sana na mwishowe paroko alichonga muhuri mpya. Mzee akasema, "Yule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anaogopa kwamba akiutoa ule muhuri hakuna atakayepanda tena kwenda kwake." Nadhani hapo amegusa mzizi wa tatizo lote la viongozi wetu wa dini. Watu wanaogopa nyumba yao itanyamaza.

Ndo maana sikubaliani na wale wanaosema habari ya Benedikto ni mambo ya Wazungu, sisi tuna mila zetu za wazee kukaa mpaka mwisho. Kwanza hata kwetu kanisa Katoliki limekuwa na utaratibu mzuri wa askofu mwandamizi, yule anayewekwa pembeni ya askofu aliyepo akijua kabisa ndiye atakayerithi. Kardinali Pengo alianza hivyo Dar es Salaam, aliwekwa kuwa mwandamizi wa Kardinali Rugambwa mwaka 1990 akashika jimbo mwaka 1992, na yeye zamu yake ilipofika akapokea mwandamizi, Askofu Mkuu Ruwa'ichi, mwaka 2018, na Agosti 2019 akamwachia. Jimbo kubwa kama lile, na watu Jumapili iliyofuata waliendelea kusali. Mtu aliyewahi kukaa na mrithi wake meza moja, huku kila mgeni anayeingia anajua nani anatoka na nani anaingia, huyo anajua unyenyekevu unagharimu nini.

Lakini nisiwadanganye kwamba kila kitu cha Benedikto kilikuwa safi mia kwa mia, review ya kusifia tu haimsaidii mtu. Kuna mambo mawili mimi yananisumbua. Alibaki na kanzu nyeupe na akaendelea kuitwa Papa, Papa mstaafu, akakaa humohumo Vatikano kwenye monasteri ya Mater Ecclesiae alikohamia kutoka hapa tarehe 2 Mei 2013 mpaka alipofariki tarehe 31 Desemba 2022. Nia yake nadhani ilikuwa njema, sala na ukimya, lakini watu ambao hawakumpenda Fransisko walipata mahali pa kuegemea, wakawa wanasema Papa wetu ni yule mwingine, na mwaka 2020 zikatokea kelele za kitabu kuhusu useja wa mapadre kilichotoka na jina lake kama mwandishi mwenza mpaka ikabidi aombe jina liondolewe. Mimi naona kiongozi wa kiroho akitoka ni bora nguo ibadilike na jina libadilike, kwa ajili ya wale wadogo wanaochanganyikiwa kirahisi. Unaweza kuwa mnyenyekevu moyoni kabisa na bado nguo yako ikamsumbua mwenzako.

Ila na hapo kuna upande wa mrithi, na huu watu hawausemi. Tukiongea kukabidhi tunamhubiria anayetoka tu, atoke, anyenyekee, asing'ang'anie. Anayeingia je? Fransisko angeweza kumfanya mzee asionekane kabisa, badala yake akawa anamwita. Februari 2014 Benedikto alikuja kwenye ibada ya kuwasimika makardinali wapya pale Mtakatifu Petro, Fransisko alipomfuata kumsalimia mzee akavua kofia yake ndogo nyeupe kichwani. Anayemfuata ni kijana wake kwa umri, pengine hata kwa elimu ya teolojia, na bado anamvulia kofia. Na Fransisko alikuwa akisema mara nyingi kwamba kuwa naye ni kama kuwa na babu mwenye busara nyumbani.

Linganisheni na Papa Selestini V. Huyu alikuwa mmonaki wa kuishi pangoni milimani, akachaguliwa Julai 1294 baada ya makardinali kushindwana kwa zaidi ya miaka miwili, akaona haiwezi kazi, Desemba mwaka huohuo akaachia kiti. Alitaka kurudi kwenye sala zake tu. Aliyemrithi, Bonifasi VIII, akaogopa kwamba watu watamtumia mzee kuleta mgawanyiko, akamfungia kwenye ngome ya Fumone, hukohuko kusini ya Roma, na mzee akafia humo Mei 1296. Mmoja alinyenyekea, mwenzake akaogopa, na makabidhiano yakaishia gerezani. Benedikto alilijua hilo vizuri, mwaka 2009 baada ya tetemeko la L'Aquila alikwenda kwenye kaburi la Selestini akaacha pale palio yake, kile kitambaa cha sufu cha mabegani alichovalishwa siku anasimikwa. Watu waliona ni heshima tu kwa mtakatifu wa eneo lenye msiba. Miaka minne baadaye ndio wakaikumbuka.

Kwa hiyo mkienda pale kikanisani msimwangalie Benedikto peke yake, mwangalieni na yule aliyekataa kupiga magoti peke yake kwenye sehemu ya heshima. Yohane Mbatizaji alisema yeye hana budi kuzidi, bali mimi kupungua, na tunaipenda hiyo aya, ila pale Castel Gandolfo alikuwepo mtu wa kupungua na alikuwepo mtu wa kuzidi ambaye hakukimbilia kuzidi.

Kitu kingine kilichonifurahisha ni kwamba Papa Leo XIV naye Julai 2025 alirudisha desturi ya kuja kupumzika huku, lakini hakulifunga jumba liwe lake tena, alifikia Villa Barberini huko upande wa bustani, makumbusho yakabaki ya watu. Mrithi anaweza kurudisha cha babu bila kufuta cha baba.

Haya sasa mambo ya kawaida. Bustani ni nzuri mno, zimekaa juu ya magofu ya jumba la kaisari Domisiano, kuna shamba na ng'ombe wa maziwa mpaka leo, na sehemu moja saivi ni kijiji cha Laudato si', mradi wa mazingira alioanzisha Papa Fransisko na Papa Leo akauzindua Septemba 2025. Jumba na bustani si lazima zote siku moja, kama mna mzee chagueni jumba. Tiketi chukueni onlaini kwenye tovuti ya Makumbusho ya Vatikano kabla hamjatoka nyumbani, na siku na bei angalieni hukohuko maana zinabadilika. Kanisa la Mtakatifu Tomaso wa Villanova pale uwanjani ni kazi ya Bernini, kuingia ni bure, ingieni mpumzike hata dakika tano.

Nyota niliyokata: robo tatu iliyobaki imeenda kwenye mgahawa mmoja unaotazama ziwa ambao siutaji jina. Hawakutuambia kwamba meza za upande wa ziwa zina bei yake, chakula kilikuja cha uvuguvugu, na mhudumu alikuwa anamjibu Baba mkubwa kupitia kwangu kana kwamba mzee hayupo, wakati mzee anamsalimia kwa Kiitaliano alichojifunza kwa mapadre wamisionari akiwa kijana. Mkiwa na njaa shukeni au pandeni basi mpaka Ariccia, ni karibu tu, kule kuna nguruwe wa kuchoma wa kukata vipande anaitwa porchetta, unapewa na mkate, bei ya kibinadamu, mnakaa kwenye mabenchi na watu wanaongea na wazee vizuri.

Na kwa wenye wazee au wenye magoti mabovu, msiwapandishe ule mlima wa stesheni kwa mguu. Kuna teksi, kuna mabasi yanayotoka kituo cha metro cha Anagnina yanawashusha juu kabisa mjini, ni afadhali hayo. Vikundi vya hija kutoka nyumbani waambieni mawakala wenu mapema waiweke kwenye ratiba, siku ya wiki asubuhi, na mwombeni padre wenu asome Hesabu 27 ndani ya basi mkiwa njiani. Kama kwenye kikundi yupo kiongozi ambaye uchaguzi wa parokia unakaribia na muda wake umekwisha, mkalisheni kiti cha mbele.